Tiba ya wanamichezo katika jimu za ushangiliaji

Tiba ya wanamichezo katika jimu za ushangiliaji ni huduma ya kinga, matibabu ya kwanza na urejeshaji wa afya kwa vijana wanaofanya ushangiliaji wa mashindano, hasa nchini Marekani. Hutolewa na wataalamu wa aina mbili. Wa kwanza ni wataalamu wa afya ya wanamichezo, ambao huwapo ukumbini wakati wa mazoezi na mashindano. Wa pili ni wataalamu wa fiziotherapia, ambao humrudishia majeruhi nguvu na uwezo wa viungo vyake baada ya kuumia au kufanyiwa upasuaji.

Ushangiliaji wa aina hii si kupunga vishada vya rangi na kuimba kando ya uwanja tu. Ni mchezo wa kubebana, kurushana hewani na kupiga samasoti, na wachezaji wake wengi ni wasichana walio bado katika umri wa kukua. Kwa kuwa usalama wa mmoja uko mikononi mwa wenzake, uamuzi wa kumruhusu aliyeumia arudi mazoezini humgusa pia yule atakayebebwa naye. Jambo hilo huitofautisha kazi hii na tiba ya michezo mingine mingi.

Ushangiliaji na jimu zake

Ushangiliaji ulianzia katika vyuo vya Marekani. Tarehe 2 Novemba 1898 mwanafunzi Johnny Campbell wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwaongoza watazamaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani kupiga kelele za kuishangilia timu yao kwa pamoja. Tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa ushangiliaji wenye viongozi. Mwanzoni washangiliaji walikuwa wanaume. Wanawake walijiunga na kikosi cha Minnesota mwaka 1923. Mwaka 1948 Lawrence Herkimer alianzisha National Cheerleaders Association, chama kilichoendesha kambi za mafunzo. Katika miongo iliyofuata sarakasi, piramidi za watu na mirusho ya juu viliingia katika maonyesho, na idadi ya wasichana ikawa kubwa kuliko ya wavulana.

Katika miaka ya 1980 zilianza kuenea timu zisizo chini ya shule wala chuo. Timu hizo hufanya mazoezi katika jimu za watu binafsi, wazazi hulipa ada, na lengo lake si kuishangilia timu nyingine bali kushindana zenyewe. Mwaka 2003 iliundwa U.S. All Star Federation (USASF), ambayo hupanga viwango vya ugumu na kanuni za usalama kwa jimu wanachama. Shirikisho la kimataifa, International Cheer Union, lilianzishwa mwaka 2004 na kutambuliwa kikamilifu na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2021.

Onyesho la mashindano huchukua takriban dakika 2 na nusu juu ya sakafu yenye upana wa mita 16 hivi na kina cha karibu mita 13. Katika kundi moja la kunyanyua huwa na majukumu matatu:

- Mpandaji ni yule anayeinuliwa au kurushwa juu.
- Wabebaji ni wale wanaosimama chini, wakamshika miguu, wakamwinua na kumdaka.
- Mlinzi wa nyuma husimama nyuma ya mpandaji, husaidia kumwinua, na kazi yake kuu ni kukinga kichwa na mabega yake akianguka.

Kundi likipungukiwa mtu mmoja, mara nyingi haliwezi kunyanyua kabisa, na mpangilio wa timu nzima hulazimika kubadilishwa. Hivyo kila jeraha, hata dogo, huwa jambo la timu nzima.

Wataalamu wawili

Mtaalamu wa afya ya wanamichezo

Cheo cha mtaalamu huyu kwa Kiingereza cha Marekani kina neno ambalo watu wengi hulielewa kama "mwalimu wa mazoezi", na kwa sababu hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa kocha. Kwa kweli ni mhudumu wa afya. Kazi yake ni kuzuia majeraha, kuyatambua yanapotokea, kutoa huduma ya kwanza, na kusimamia hatua za kurudi mchezoni kwa kushirikiana na daktari. Mashabiki wa soka wa Afrika Mashariki humfahamu mtu anayekimbilia uwanjani na mkoba mchezaji anapolala chini. Kazi hiyo ni sehemu tu ya majukumu ya mtaalamu huyu.

Chama cha taaluma hiyo, National Athletic Trainers' Association (NATA), kilianzishwa mwaka 1950 katika jiji la Kansas City. Mwaka 1990 Chama cha Madaktari cha Marekani (AMA) kiliitambua kuwa taaluma ya afya. Siku hizi anayetaka kuingia katika kazi hii husoma hadi shahada ya uzamili, kisha hufanya mtihani wa taifa wa kuthibitishwa. Karibu majimbo yote humtaka awe na leseni au usajili. California ilibaki kwa miaka mingi kuwa jimbo lisilo na sheria ya namna hiyo.

Mtaalamu wa fiziotherapia

Fiziotherapia ya Marekani ilikua wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilipohitajika kuwarudisha askari waliojeruhiwa katika maisha ya kawaida. Mwaka 1921 wanawake waliofanya kazi hiyo waliunda chama chao, na Mary McMillan akawa rais wake wa kwanza. Chama hicho leo ni American Physical Therapy Association. Anayesomea taaluma hii sasa huhitimu kwa shahada ya udaktari wa fiziotherapia, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3 baada ya shahada ya kwanza. Majimbo yote humruhusu mgonjwa kumwendea mtaalamu wa fiziotherapia bila barua ya daktari, ingawa baadhi yameweka masharti na mipaka.

Tofauti ya kazi

Kwa kifupi, mtaalamu wa wanamichezo yupo pale jeraha linapotokea, na mtaalamu wa fiziotherapia humpokea majeruhi siku au majuma baadaye. Wa kwanza hufanya kazi pembeni ya sakafu, mara nyingi na wanamichezo wengi kwa wakati mmoja. Wa pili hukaa na mtu mmoja, humpima nguvu na mwendo wa kiungo, na kumpangia mazoezi ya majuma au miezi. Mpaka huo si mkali: baadhi ya watu wana leseni zote mbili, na jimu nyingine humwajiri mtaalamu wa fiziotherapia kufanya kazi zote. Afrika Mashariki, ambako taaluma ya kwanza haijatenganishwa na ya pili, kazi hizi kwa kawaida hufanywa na mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa timu.

Majeraha ya kawaida

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Pediatrics ulikadiria kuwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 18 waliotibiwa katika idara za dharura za Marekani kwa majeraha ya ushangiliaji walikuwa 10,900 mwaka 1990, wakafikia 22,900 mwaka 2002. Zaidi ya nusu ya majeraha hayo yalikuwa ya kuteguka viungo au kuvutika misuli.

Utafiti mwingine katika jarida hilohilo, uliotoka mwaka 2016, ulichunguza shule za sekondari kuanzia msimu wa 2009/10 hadi 2013/14. Ulionyesha kuwa ushangiliaji una majeraha machache kwa idadi: 0.71 kwa kila mara 1,000 ambazo mwanamichezo hushiriki mazoezi au mashindano, ukiwa wa 18 kati ya michezo 22 iliyolinganishwa. Lakini yakitokea, majeraha yake ni mazito. Kwa sehemu ya majeraha yanayomweka mtu nje kwa zaidi ya majuma 3, ushangiliaji ulikuwa wa pili baada ya jimnastiki ya wasichana. Zaidi ya nusu ya majeraha yote yalitokea wakati wa kunyanyuana, na mtikisiko wa ubongo ulikuwa asilimia 31.1.

Takwimu za utafiti huo zilikusanywa na wataalamu wa wanamichezo waliokuwa wakiandika kila jeraha katika shule zao. Ni jambo la kuzingatiwa, kwa sababu jimu isiyo na mtaalamu haina anayeandika, na majeraha yake hayaonekani katika hesabu za namna hiyo.

Majeraha hutofautiana kulingana na jukumu la mchezaji:

- Kifundo cha mguu huteguka mara nyingi wakati wa kutua baada ya samasoti au kuruka.
- Kifundo cha mkono na kiwiko hubeba uzito wa mwili mzima wakati wa kupindukia mikono. Kwa mtoto anayekua, uzito huo unaporudiwa kila siku huweza kudhuru sehemu laini ya mfupa inayozalisha urefu.
- Mgongo wa chini huumia kwa kukunjwa nyuma mara kwa mara, kama mpandaji anaposhika mguu wake juu ya kichwa. Ufa mdogo huweza kutokea katika pingili ya uti wa mgongo, na huanza kama maumivu yanayodharauliwa kuwa ni "uchovu wa mazoezi".
- Goti huweza kuchanika ligamenti ya ndani, yaani ule ukanda unaofunga mfupa wa paja na wa muundi, hasa mchezaji anapotua huku amejizungusha.
- Uso, vidole, mabega na kichwa vya wabebaji na mlinzi wa nyuma hugongwa na viwiko, magoti na miguu ya mpandaji anayeshuka.

Watu wengi hudhani kuwa hatari yote iko kwa aliye juu. Wabebaji nao huumia mara nyingi, kwa sababu wao ndio wanaoweka miili yao chini ya anayeanguka.

Wapandaji pia hukabiliwa na shinikizo la kubaki wembamba. Mwili ukikosa chakula cha kutosha kulingana na mazoezi, hedhi huweza kusimama na mifupa kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina la upungufu wa nishati katika michezo. Kazi ya mtaalamu ni kuitambua mapema na kumpeleka kijana kwa daktari na mshauri wa lishe.

Kazi katika jimu

Kabla ya msimu

Vijana wengi hufika jimu jioni baada ya masomo. Kazi ya mtaalamu huanza kabla ya msimu, kwa kukusanya taarifa za afya: majeraha ya zamani, pumu, mzio, dawa zinazotumiwa na namba za simu za wazazi. Hupima pia uwezo wa kila mmoja, kama kusimama kwa mguu mmoja, kutua bila magoti kuingia ndani, na nguvu ya bega. Matokeo hayo huwa kipimo cha kulinganishia baadaye kijana akiumia.

Wakati wa mazoezi

Jioni ya kawaida huanza kwa kufunga vifundo kwa plasta, kuangalia waliolalamika siku iliyotangulia, na kumweleza kocha nani afanye nini. Mara nyingi maelezo hayo si ya "ndiyo" au "hapana" tu. Mtaalamu huweza kusema kuwa fulani acheze ngoma na miondoko ya mikono lakini asiruke, au abebe mpaka usawa wa kiuno lakini asirushe.

Mtu akianguka na kuumia kifundo cha mguu, mtaalamu hutumia kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992. Hubonyeza sehemu maalumu za mfupa na kuangalia kama majeruhi anaweza kupiga hatua 4. Akiwa na maumivu ya mfupa katika sehemu hizo, au akishindwa kutembea, hupelekwa kupigwa picha ya eksirei. Asipokuwa na dalili hizo, kuna uwezekano mdogo sana kuwa amevunjika, na familia huepushwa na gharama ya hospitali.

Mpango wa dharura

Kila jimu hushauriwa kuwa na mpango wa dharura ulioandikwa, unaoonyesha nani atapiga simu, nani atafungua mlango na kuielekeza gari la wagonjwa, na mashine ya kushtua moyo imewekwa wapi. Mpango husomwa na kufanyiwa majaribio na makocha wote, kwa kuwa mtaalamu hawezi kuwapo kila saa. Jambo la kwanza wanalofundishwa ni kutomwinua mtu aliyeangukia kichwa au shingo. Huachwa alivyo, kichwa kikishikwa kisitikisike, mpaka wenye vifaa wafike.

Fiziotherapia na kurudi hatua kwa hatua

Majeruhi aliyechanika ligamenti ya goti na kufanyiwa upasuaji huhitaji miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi kikamilifu, na kurudi mapema huongeza hatari ya kuumia tena. Mtaalamu wa fiziotherapia hulinganisha nguvu ya paja la mguu ulioumia na ule mzima, na umbali wa kuruka kwa kila mguu. Lakini kwa mshangiliaji vipimo hivyo havitoshi. Mbebaji lazima aweze kuchuchumaa na kuinuka akiwa na uzito wa mwenzake mabegani, na mpandaji lazima aweze kusimama imara kwa mguu mmoja juu ya kitu kinachotikisika.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu wa fiziotherapia hupendelea kufanya kazi ndani ya jimu kwenyewe. Chumba kidogo chenye kitanda cha matibabu hukodishwa kando ya sakafu, na hatua za mwisho za tiba hufanyika mahali ambapo mchezo wenyewe unachezwa. Huanza na kuruka juu ya sakafu laini, hufuata sakafu ya mashindano. Kunyanyua huanza kwa mfuko wa mchanga, kisha mpandaji mwepesi usawa wa kiuno, na mwisho mikono ikinyooshwa juu.

Mtikisiko wa ubongo

Mtikisiko wa ubongo hutokea kichwa au mwili unapopigwa kwa nguvu ya kuutikisa ubongo ndani ya fuvu. Si lazima mtu azimie. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau, kuchukia mwanga na kubadilika tabia, na nyingine hujitokeza saa kadhaa baadaye.

Mwaka 2009 jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kumtoa mchezoni kijana yeyote anayeshukiwa kuumia ubongo mpaka mhudumu wa afya aliyesomea atoe kibali kwa maandishi. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Nyingi zilitungwa kwa ajili ya shule, na si zote zinazoyabana mashirika binafsi kama jimu kwa namna ileile.

Baada ya mapumziko mafupi ya siku 1 au 2, majeruhi hupanda ngazi za kurudi, kila moja ikichukua angalau saa 24. Kwa mshangiliaji ngazi hizo huweza kupangwa hivi:

1. Shughuli za kawaida za nyumbani na shuleni.
2. Mazoezi mepesi ya moyo, kama kuendesha baiskeli isiyokwenda.
3. Miondoko ya mikono na ngoma, bila kupindua kichwa chini.
4. Samasoti na kunyanyua kwa chini, baada ya dalili zote kuisha.
5. Mazoezi kamili, baada ya kibali cha mhudumu wa afya.
6. Mashindano.

Dalili zikirudi, majeruhi hurudishwa nyuma. Ngazi ya 4 ndiyo yenye mtihani wa pekee kwa mchezo huu, kwa sababu kuzunguka hewani na kuinamisha kichwa chini huamsha kizunguzungu ambacho baiskeli haikukionyesha. Mbebaji mwenye kizunguzungu hahatarishi kichwa chake tu: anaweza kumkosa mwenzake anayeshuka.

Sakafu na kanuni za usalama

Mwaka 2009 Journal of Athletic Training ilichapisha vipimo vya sakafu zinazotumiwa na washangiliaji. Watafiti walitafuta kimo ambacho mtu akianguka kwa kichwa anaweza kupata jeraha la ubongo la kuhatarisha maisha. Kwenye zege kimo hicho kilikuwa takriban sentimita 15 tu. Kwenye sakafu ya mashindano yenye springi chini yake kilizidi mita 3. Hapo ndipo jimu nzuri huzidi shule nyingi, ambako mazoezi yamewahi kufanyika katika kumbi za chakula na varanda.

Tukio lililovuta macho ya wengi lilitokea Machi 2006 katika mashindano ya mpira wa kikapu jijini St. Louis. Mshangiliaji wa Southern Illinois University alianguka kutoka juu ya piramidi, kimo cha mita 4 na nusu hivi, akavunjika pingili ya uti wa mgongo na kupata mtikisiko wa ubongo. Akiwa amefungwa kwenye machela, aliendelea kufanya miondoko ya mikono bendi ilipopiga wimbo wa chuo, na watazamaji wakampigia makofi. Wengi waliona ushujaa. Wahudumu wa afya waliona pia hatari ya mchezo unaomfundisha kijana kutabasamu anapoumia.

Kuanzia msimu wa 2006/07 kanuni za shule na vyuo zilizuia mrusho wa kikapu kwenye sakafu ngumu. Katika mrusho huo wabebaji wawili hufungamanisha mikono yao kama kikapu na kumtupa mpandaji hewani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 uligundua kuwa majeraha makubwa ya mrusho huo yalipungua baada ya kanuni hiyo.

Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilitoa mapendekezo yake. Kilitaka ushangiliaji utambuliwe kuwa mchezo, washangiliaji wapimwe afya kabla ya msimu, wapate huduma ya wataalamu wa wanamichezo waliothibitishwa, na wasinyanyuane kwenye sakafu ngumu, yenye maji au isiyo sawa. Mwaka 2014 AMA nacho kilikubali kuwa ushangiliaji uhesabiwe mchezo.

Suala la jina lina matokeo ya kweli. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Connecticut iliamua, katika kesi dhidi ya Quinnipiac University, kuwa ushangiliaji wa mashindano ulikuwa haujakomaa kiasi cha kuhesabiwa mchezo wa chuo chini ya sheria ya usawa wa jinsia ya mwaka 1972. Mahali ambapo shughuli haihesabiwi mchezo, haipewi moja kwa moja ukumbi, bajeti wala mhudumu wa afya ambao michezo mingine hupewa.

Uhuru wa uamuzi

Ugumu mkubwa wa kazi hii hauko katika kufunga bendeji bali katika kusema "bado". Mfano wa kawaida ni wa mbebaji aliyeteguka kifundo cha mguu siku 10 kabla ya mashindano makubwa. Ada na nauli zimekwisha kulipwa. Kocha hana mtu wa kuziba pengo, wazazi wamesafiri, na kijana mwenyewe anasema haumwi. Anaweza kutembea, hata kukimbia. Lakini mtaalamu akimsimamisha kwa mguu mmoja humwona akiyumba, na anajua kuwa mguu huo ndio utakaobeba uzito wa mtu mwingine.

Katika hali kama hiyo mtaalamu huweza kumwelekeza kijana katika sehemu ya ngoma na kumwondoa chini ya mpandaji. Timu hupoteza alama chache. Uamuzi huo una nguvu tu ikiwa kocha hawezi kuutengua.

Katika vyuo, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kilipitisha mwaka 2016 kanuni kwa ligi zake tano kubwa kuwa uamuzi wa tiba ni wa daktari na mtaalamu wa wanamichezo, wala kocha hawezi kuuingilia. Ushangiliaji haukuwa miongoni mwa michezo ya NCAA, na jimu binafsi haziko chini yake. Katika jimu mwenye biashara, kocha na anayemlipa mtaalamu huweza kuwa mtu mmoja. Kwa hiyo wataalamu hushauriwa kuandika katika mkataba, kabla ya msimu kuanza, kuwa kibali cha kurudi mchezoni kiko mikononi mwao na daktari pekee, na wazazi wapewe nakala.

Ulinzi wa watoto

Tiba ya viungo huhitaji kumgusa mgonjwa, na wengi wa wagonjwa hapa ni watoto. Kesi ya Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani aliyehukumiwa kifungo mwaka 2018 kwa kuwadhulumu wasichana kwa kisingizio cha matibabu, ilibadilisha taratibu katika michezo yote inayofanana nayo. Mwaka huohuo sheria ya shirikisho iliweka wajibu wa kuripoti dhuluma na kuyataka mashirika ya michezo yapunguze nafasi za mtu mzima kukaa peke yake na mtoto.

Katika jimu, taratibu nzuri ni kutibu mahali panapoonekana na watu wengine, kuwa na mtu mzima wa pili, kumweleza kijana kila hatua kabla ya kumgusa, kupata idhini ya mzazi, na kuandika kumbukumbu. Kijana ana haki ya kukataa, na kukataa huko hakumpotezei nafasi yake katika timu.

Upatikanaji na gharama

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uligundua kuwa asilimia 70 ya shule za sekondari za umma nchini Marekani zilikuwa na huduma ya mtaalamu wa wanamichezo, na asilimia 37 zilikuwa na wa muda wote. Jimu binafsi hazina mwajiri wa pamoja kama shule, na hupata huduma kwa njia mbalimbali:

- Mkataba na hospitali au kliniki, ambayo humtuma mtaalamu kwa saa fulani kwa juma na kutarajia kupata wagonjwa.
- Malipo ya saa kutoka kwa jimu yenyewe, yakiingizwa katika ada za wazazi.
- Chumba cha fiziotherapia kilichokodishwa ndani ya jimu, ambapo kila familia hulipa kwa bima yake au taslimu.
- Huduma ya siku ya mashindano tu, inayolipwa na mwandaaji.

Njia ya mwisho ina udhaifu unaofahamika: majeraha mengi hutokea mazoezini, ambako kijana hutumia saa nyingi zaidi na kujaribu mambo mapya, na si katika dakika 2 na nusu za mashindano. Njia ya kwanza na ya tatu nazo huleta swali la maslahi, kwa kuwa anayempima majeruhi hunufaika akimpeleka katika kliniki yake. Wataalamu waaminifu huwaeleza wazazi kuwa wako huru kwenda kwingine.

Mahali ambapo hakuna mtaalamu kabisa, mzigo humwangukia kocha. Mzazi anayeandikisha mtoto huweza kuuliza maswali machache kabla ya kulipa ada: nani huamua mtoto aliyeumia arudi lini, mpango wa dharura umebandikwa wapi, makocha wamesomea huduma ya kwanza lini, na majeraha huandikwa na nani.

Angalia pia

- Fiziotherapia
- Huduma ya kwanza
- Jimnastiki
- Mtikisiko wa ubongo
- Sarakasi